Majuto ya Bwana, Hatia ya Mjakazi

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Methali hii sote tumeifunzwa tangu shule ya msingi na tumeiandika katika insha zetu mpaka ikachakaa. Hata hivyo, kuna swali ambalo methali yenyewe haitujibu: je, mjukuu huyo akishafika, humfaa nani? Humfaa yule aliyetendewa kosa, au humliwaza tu yule aliyelitenda?

Swali hili lilinijia katika mjadala mmoja wa somo la fasihi linganishi. Tulikuwa tukiijadili riwaya ya Kigothi ya Ulaya, na mwanafunzi mwenzetu akasimama na kusema kwamba hadithi hizo za makasri, maiti na mizimu ni mapambo ya watu walioshiba, na kwamba hazina la kumwambia msomi wa Kiswahili aliye na matatizo halisi ya jamii mbele ya macho yake. Wengi walimpigia makofi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu tayari. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Maoni yangu ni kwamba utanzu huu, hasa ulipotiwa mkononi na wanawake, ulikuwa mojawapo ya njia za mwanzo za kuishtaki jamii, na kwamba Kiswahili chetu kinatupa ufunguo wa kuusoma ambao hata wenye lugha ya Kiingereza hawanao.

Ufunguo huo ni huu. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili ambayo sisi tunayatenganisha. Kwetu kuna hatia na kuna majuto. Hatia ni jambo la barazani: mtu hupatikana na hatia, hutiwa hatiani, hata kama moyoni mwake hana doa. Majuto ni jambo la kifuani: mtu hujuta peke yake usiku, hata kama hakuna hakimu aliyewahi kumwita. Ni kweli kwamba siku hizi husikika watu wakisema kuwa wanajihisi na hatia, lakini matumizi hayo hayajaifuta tofauti ya asili. Anayesoma riwaya ya Kigothi akiwa na maneno haya mawili mkononi ataona upesi jambo ambalo wahakiki wengi hulipita: mara nyingi mwenye majuto si yule anayebebeshwa hatia.

Utanzu wenyewe kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1764, Horace Walpole alipoitoa riwaya yake ya kasri la Otranto. Miaka 30 baadaye, mwaka 1794, Ann Radcliffe akatoa The Mysteries of Udolpho na kuufanya utanzu huo kupendwa mno. Msingi wa hadithi hizi ni nyumba kubwa yenye siri. Kuna dhuluma iliyotendwa zamani, ikafukiwa, nayo haikubali kulala. Baadaye Mmarekani Edgar Allan Poe aliufikisha mtindo huu kwenye kilele cha uketo wa nafsi. Katika hadithi yake fupi ya mwaka 1843, The Tell-Tale Heart, mtu anamuua mzee kwa sababu ya jicho lake tu, anamzika chini ya sakafu, kisha anasikia moyo wa marehemu ukidunda chini ya mbao hadi anaungama mwenyewe mbele ya polisi. Hapa wazo moja linamtawala mtu kabla ya kosa, na jingine linamtawala baada ya kosa. Ni hadithi ya kutisha na iliyosukwa kwa ustadi. Ila tuulize: je, tunajua nini kuhusu yule mzee? Karibu hatujui lolote. Jukwaa lote limechukuliwa na muuaji na mishipa yake ya fahamu.

Sasa tumwangalie Mary Shelley, ambaye riwaya yake ya Frankenstein ilichapishwa tarehe 1 Januari 1818 bila jina la mwandishi. Watu wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi, kwa sababu wameiona hadithi hiyo katika sinema. La hasha. Ni jina la mwanafunzi wa sayansi, Victor Frankenstein, ambaye anashikwa na wazo la kuumba uhai, analifuata usiku na mchana, na analifanikisha. Anapoona kiumbe alichokiumba kimefungua macho, anakikimbia. Kiumbe hicho, kilichotupwa na muumba wake na kuchukiwa na kila mtu, kinageuka kuwa muuaji.

Kitovu cha riwaya hii, kwa maoni yangu, hakimo maabarani. Kimo katika kesi ya Justine Moritz. Justine ni mtumishi katika nyumba ya akina Frankenstein mjini Geneva. William, mdogo wake Victor, ananyongwa na kile kiumbe, nacho kinaitia picha ndogo ya marehemu mama wa nyumba hiyo katika nguo za Justine akiwa amelala. Picha inapatikana, na Justine anashtakiwa. Victor anarudi nyumbani na anatambua muuaji halisi ni nani. Anafanya nini? Ananyamaza. Anajiambia kwamba akisema ukweli ataonekana mwendawazimu na hakuna atakayemsadiki. Wakati huo Justine, baada ya kutishwa na padri kwamba atatengwa na Kanisa na kwenda motoni, anakiri kosa ambalo hakulitenda. Ananyongwa.

Na hapa Shelley anaweka jambo linalopaswa kumsimamisha msomaji. Victor anadai kwamba mateso yake yalizidi ya Justine, kwa kuwa yule msichana alikuwa na faraja ya kutokuwa na kosa ilhali yeye moyo wake ulikuwa ukitafunwa. Yaani mjakazi anakwenda kwenye kitanzi, na bwana anashindana naye kwa huzuni! Hakuna mfano bora wa tofauti niliyoitaja. Majuto yote ni ya Victor. Hatia yote ni ya Justine. Majuto hayo hayakumwokoa msichana, hayakumzuia muuaji, wala hayakumfikisha Victor mbele ya hakimu kwa wakati uliofaa. Yalikuwa mali yake binafsi, ambayo aliendelea kuitunza kwa sura nyingi baadaye. Katika kurasa za mwisho, akiwa anakufa katika barafu ya kaskazini, Victor anautazama mwenendo wake uliopita na kusema kwamba haoni la kulaumiwa. Hivyo ndivyo majuto yanayozungumza na nafsi peke yake yanavyoishia.

Kuna tukio jingine. Kiumbe kinamwomba Victor akiumbie mwenzi wa kike, naye anakubali. Anaianza kazi hiyo katika kisiwa cha mbali huko Orkney, kisha anasita na kuurarua mwili aliokuwa akiunda. Miongoni mwa sababu anazojipa ni kwamba huyo wa kike huenda akakataa kufuata mapatano yaliyofanywa kabla hajakuwapo. Msomaji aitafakari sababu hiyo. Wanaume wawili wamepatana juu ya mwanamke, na mmoja wao anaogopa kwamba mwanamke huyo anaweza kuwa na hiari yake. Suluhisho lake ni kwamba asizaliwe kabisa.

Wapi msichana aliyeanza riwaya hii akiwa na umri wa miaka 18 alipata macho ya namna hii? Hatuwezi kulijibu swali hilo bila kumtaja mama yake, ingawa mama huyo hakuwahi kumlea. Mary Wollstonecraft alizaliwa London mwaka 1759. Alifariki tarehe 10 Septemba 1797 kwa homa ya uzazi, siku 11 tu baada ya kumzaa binti huyu. Duniani anajulikana kwa kitabu cha mwaka 1792, A Vindication of the Rights of Woman, alichokitumia kutetea elimu ya wanawake na kupinga dai kwamba mwanamke ameumbwa ili apendeze tu. Mumewe, William Godwin, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1798 kwamba Wollstonecraft alipokuwa mtoto alikuwa akilala mlangoni pa chumba cha wazazi wake ili amkinge mama yake na ukali wa baba. Harakati zake basi hazikuanza vitabuni. Zilianza sakafuni.

Kisa kinachonigusa zaidi, na ambacho ndicho nguzo ya hoja yangu, kilitokea Januari 1784. Dada yake mdogo, Eliza, alikuwa ameolewa na kuzaa mtoto wa kike, na baada ya kujifungua alipatwa na maradhi mazito ya akili. Wollstonecraft alikwenda kumuuguza, akaamua kwamba ndoa ile ndiyo iliyokuwa ikimwangamiza, na akamtorosha kwa siri. Akiwa garini njiani, Eliza aliitafuna pete yake ya ndoa mpaka ikavunjika vipande. Mtoto waliachwa naye kwa baba. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimhesabu mtoto kuwa wa baba. Mama hakuwa na haki yoyote juu yake. Mwezi Agosti mwaka huohuo mtoto yule alifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Tusiipite habari hii haraka. Hapa kuna mwanamke kijana mwenye umri wa miaka 24 aliyetenda alichoamini ni haki, akamwokoa dada yake, na kitoto kisicho na kosa kikafa mbali na mama. Nani ana hatia? Mbele ya sheria, hatia ingekuwa ya wanawake wawili waliotoroka. Nani ana majuto? Hatuna haja ya kukisia mno. Yatosha kuona alichokifanya baadaye. Mwaka huohuo alianzisha shule huko Newington Green pamoja na dada zake na rafiki yake Fanny Blood. Kisha akaandika juu ya malezi ya mabinti, na baada ya hapo juu ya haki. Na alipofariki, mezani pake palikuwa na riwaya isiyokamilika.

Riwaya hiyo, ambayo Godwin aliichapisha mwaka 1798, ni Maria, au kwa kichwa chake cha pili, dhuluma alizotendewa mwanamke. Ni riwaya ya Kigothi kwa kila hali: kuta, giza, minyororo, vilio vya usiku. Lakini tangu ukurasa wa mwanzo mwandishi anatuonya kwamba makasri yenye mizimu ni kitu kidogo yakilinganishwa na nyumba anayotupeleka. Maria amefungiwa katika nyumba ya wendawazimu ilhali ana akili timamu. Aliyemfungia ni mumewe, anayetaka mali yake. Mtoto wake mchanga amenyakuliwa akiwa angali ananyonya. Na jambo la kutisha kuliko yote ni kwamba yote haya yamefanywa chini ya kivuli cha sheria. Hapahitajiki mzimu. Victor alinyamaza kwa kuogopa kuitwa mwendawazimu; Maria ameitwa mwendawazimu kwa sababu hakunyamaza.

Ndani ya nyumba hiyo kuna mlinzi wa kike, Jemima, ambaye analipwa ili amchunge Maria. Jemima alizaliwa nje ya ndoa, akalelewa kwa mateso, akanajisiwa na bwana aliyemwajiri, akafukuzwa, akaishi kwa kuuza mwili, akaiba, akafungwa. Wollstonecraft anampa mwanamke huyu sura nzima ili asimulie maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe. Katika riwaya za enzi hizo mtu wa tabaka lake alikuwa akifungua mlango na kuleta chai tu. Mwaka 1818 binti atamwumba Justine, mtumishi asiyesadikiwa. Miaka 20 kabla, mama alikuwa ameshamwumba Jemima, mtumishi anayesikilizwa. Nami naamini ya kwamba kilio cha Justine hakieleweki vizuri bila sauti ya Jemima.

Baadaye Maria anatoroka, na mumewe anamshtaki mwanamume aliyempenda. Maria anaandika maelezo yake ili yasomwe mahakamani, na jaji anayapuuza kwa hoja kwamba hisia za mwanamke zikikubaliwa kuwa utetezi, ndoa zitavunjika ovyo. Riwaya haikukamilika, ila mwandishi aliacha vidokezo vya namna ambavyo ingeweza kumalizika. Katika kimoja, Maria aliyekata tamaa anakunywa dawa ili afe. Ndipo Jemima anapoingia akiwa amemshika mkono mtoto wa Maria, aliye hai, ambaye walidhani amekufa. Maria anachagua kuishi kwa ajili ya mtoto wake. Mimi siwezi kuusoma ukurasa ule bila kumkumbuka yule mtoto wa Eliza aliyefariki Agosti 1784. Wahakiki watasema kwamba si halali kuichanganya kazi na maisha ya mwandishi, na onyo lao nalikubali. Hata hivyo, naona hapa majuto yaliyopata kazi ya kufanya. Hayakubaki kifuani yakijitafuna kama ya Victor. Yalitoka nje yakauliza ni sheria gani inayomfanya mama amwache mtoto ili aokoke mwenyewe.

Swali hilo halikufia kitabuni. Mwaka 1836 Caroline Norton, mshairi na mwandishi wa riwaya, aliachana na mumewe mkatili, na mume akawachukua watoto wao watatu wa kiume. Norton, ambaye alikuwa rafiki wa Mary Shelley, aliandika vijitabu na kuwashawishi wabunge hadi ikapitishwa Sheria ya Ulezi wa Watoto ya mwaka 1839. Kwa mara ya kwanza mama aliweza kuiomba mahakama impe watoto walio chini ya umri wa miaka saba. Mume wa Norton alikuwa amewapeleka watoto Scotland, mahali ambapo sheria hiyo haikufika. Mwaka 1842 mtoto mmoja, William, alifariki baada ya kuanguka kutoka kwa farasi. Norton aliendelea na kampeni. Alichangia mjadala ulioleta sheria ya talaka ya mwaka 1857, na sheria za mali ya wanawake walioolewa zikafuata mwaka 1870 na mwaka 1882. Ikumbukwe kwamba kabla ya mwaka 1857 talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, na katika historia yote ni wanawake wanne tu waliofanikiwa kuipata.

Naona ni haki nizitaje pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba wanawake hawa hawakuwa na msimamo mmoja, na baadhi hawakuwa wanaharakati kwa maana tunayoitumia leo. Hilo ni kweli. Norton alisema waziwazi kwamba hadai usawa wa wanawake na wanaume. Alichodai ni kinga. Mary Shelley hakuhutubia mikutano. Na Wollstonecraft mwenyewe, baada ya Godwin kuyafichua mapenzi yake na majaribio yake ya kujiua, alitukanwa kiasi kwamba kwa muda mrefu katika karne ya 19 waliomfuata waliogopa kumtaja. Lakini harakati hazijawahi kuanzishwa na malaika. Huanzishwa na watu wenye majeraha, wanaokosana, na wanaoogopa.

Ya pili ni kwamba tunamlazimisha Shelley aseme yetu, kwa kuwa Frankenstein ni riwaya ya hatari za sayansi. Sikatai, sayansi imo. Ila anayesoma sayansi peke yake humwacha Justine kwenye kitanzi kwa mara ya pili. Kama kesi yake ilikuwa pambo tu, mwandishi asingeipa nafasi yote ile, wala asingemfanya Victor ajisifie majuto kando ya mnyororo wa mfungwa.

Sasa nimrudie mwenzetu wa darasani aliyesema kwamba hadithi hizi hazitufai. Je, sisi hatuna kesi kama hizi katika fasihi yetu? Fikirieni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Ni mara ngapi tumeijadili kana kwamba swali lake kuu ni tabia ya Rosa? Tunaorodhesha makosa ya binti, tunahesabu wanaume, tunatoa funzo kwa wasichana. Ilhali mwandishi alituwekea Zakaria, baba mlevi aliyedhani kwamba ukali ni malezi, na akahakikisha kuwa swali la nani mwenye kosa haliishi hata baada ya kifo. Tukimtia Rosa hatiani na kumwachia Zakaria majuto, tunafanya kilekile kilichofanywa na baraza la Geneva katika riwaya ya Shelley.

Kwa hivyo napendekeza kwa wanachama wenzangu na kwa wahadhiri wetu jambo moja dogo la kiuhakiki. Kila tunapokutana na kazi inayozungumzia kosa, tusiishie kuuliza kama mhusika anajuta. Tuulize ni nani aliyebebeshwa hatia, ni nani anayeruhusiwa kujuta mbele yetu kwa kurasa nyingi, na ni sheria au desturi gani iliyowagawia mafungu hayo. Maneno ya kuulizia tunayo tayari. Hatuhitaji kuyaazima kokote.

Majuto ni mjukuu, ni kweli. Lakini mjukuu naye ana mikono. Wollstonecraft alimpa wa kwake kalamu, na Norton akamtuma Bungeni. Victor Frankenstein alimkumbatia wa kwake mpaka barafuni, na huko wakafa pamoja.